Binti Aliyesema La

Miaka tisa mtu anaitwa kaimu! Jamani, hata mgonjwa wa miaka tisa huwa ama amepona ama amezikwa, ijulikane moja. Lakini huyu mama alikaa hapo katikati, Kaimu Mwongozaji wa Okestra, na ile barua yake ya kwanza iliyosema "kwa kipindi cha miezi mitatu" ilikuwa bado kwenye droo, chini ya pakiti za vidonge vya koo. Watu walishasahau jina alilopewa na wazazi wake. Wapiga fidla walimwita Mama Kaimu, wanakwaya walimwita Mama Kaimu, na mlinzi wa geti alisimama wima kila asubuhi akasema, "Shikamoo, Mama Kaimu," naye akaitikia marahaba huku roho inamuuma.

Na kazi alikuwa anaijua, asikudanganye mtu. Alikuwa mwongozaji na alikuwa mwimbaji, na vyote viwili alivifanya kwa wakati mmoja, jambo ambalo wengine wakilijaribu hukosa huku na kule. Mkono wa kulia ulishika kijiti na kuwapigia wapigaji hesabu, yeye mwenyewe akageukia watu na kuimba kwa ile sauti yake nzito ya kike, iliyokuwa ikijaa ukumbi bila kipaza sauti. Mkono haukukosea. Wapigaji walisema mkono ule una akili zake.

Lakini kilichompa jina mjini ni sikio. Ukidondosha kijiko jikoni kwake, anakwambia, "Hicho ni re." Birika likipiga mluzi, bawaba ya mlango ikilia, honi ya lori huko barabarani, vyote alivitajia noti zake bila kuinua kichwa. Waongozaji wengine wa kwaya hutembea na kile chuma kidogo cha kugonga ili wapate sauti ya kuanzia. Yeye thubutu! Alikuwa anafumba macho, anavuta pumzi, anaitoa mwenyewe kooni. Akiulizwa anaipata wapi, hucheka na kusema amezaliwa na kipimo ndani.

Sasa alikuwa na miaka hamsini na minane, na sitini ni kustaafu. Bodi ilikuwa imemwambia wazi mwaka huo: baada ya tamasha kubwa, ama athibitishwe kuwa Mwongozaji Mkuu, ama nafasi itangazwe aletwe mtu wa nje. Hakukuwa na tamasha jingine la kusubiri. Yule mama alilitaka lile neno litoke mbele ya cheo chake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na kama unamwona mtu wa ajabu kwa hilo, basi hujawahi kukaimu.

Mazoezi yao yalifanyika katika ghala la zamani la samani za ofisi, bati juu, sakafu ya saruji, viti vya plastiki vilivyowekewa vipande vya godoro ili mtu aweze kukaa saa tatu bila kulia. Stendi za noti zilikuwa zimefungwa kwa waya. Juu kulikuwa na feni moja lililolia kila lilipozunguka, na siku hizo Mama Kaimu alikuwa analilalamikia. "Hilo feni limepanda sauti. Lilikuwa linalia chini kidogo. Kalitieni mafuta." Likatiwa mafuta, na likaendelea kulia.

Kila siku ya mazoezi huanza hivi: watu wakishakaa, mpiga zumari wa kiti cha kwanza hupuliza noti moja ndefu, iitwayo la, na wote, fidla, tarumbeta na kadhalika, hukaza na kulegeza vyombo vyao mpaka vikubaliane nayo. Basi wapigaji walikuwa na utani wao wa siku zote, kwamba hiyo ndiyo ofisi pekee duniani ambamo kazi haianzi mpaka mtu aseme la. Na aliyekuwa analisema, kwa miaka minne sasa, ni binti wa Mama Kaimu mwenyewe, mtoto wake wa mwisho, ambaye nyumbani na kazini walimwita Kitinda.

Kulikuwa na sheria kati yao. Nyumbani ni Mama. Ghalani ni Kiongozi. Kitinda hakuwahi kuikosea, maana maneno yalikuwepo chini chini kwamba kiti kile amekipata kwa ziwa la mama yake, na kila mmoja wao alikuwa anajua kwamba maneno hayo yamefika kwenye bodi.

Jumatatu ya wiki ya tamasha, Mwenyekiti wa bodi alikuja kusikiliza. Alikuwa mstaafu wa mambo ya bandari, mtu mwema, mwenye suti iliyopigwa pasi na daftari jipya, ila muziki kwake ulikuwa sawa na mvua kwenye bati, yeye huuliza tu kama imekwisha. Alikaa nyuma. Mama Kaimu akapanda kwenye kijukwaa chake, akamwashiria Kitinda kwa kichwa, na Kitinda akapuliza la.

"Uko juu," alisema Mama Kaimu.

Kitinda akaitoa zumari mdomoni. "Niko sawa, Kiongozi."

"Nimesema uko juu. Shusha."

Binti akavuta kidogo kile kipande cha tete kinachotiwa mdomoni, maana kikiwa kirefu sauti hushuka, akapuliza. Mama Kaimu akatikisa kichwa. Akavuta tena. Akatikisa tena. Ndipo Kitinda akainama, akachukua kutoka kwenye begi lake kile kidude cha umeme cha kupimia sauti, akakiweka kwenye stendi, akapuliza la yake ya kwanza, na sindano ikasimama katikati, haikuyumba.

"Betri hiyo imekufa," alisema Mama Kaimu. Watu wakacheka kidogo, akapata nguvu. "Mwanamuziki hapimwi kwa betri. Shusha."

"Siwezi kushusha kitu ambacho hakijapanda, Mama."

Lilimtoka tu. Mama! Mbele ya watu hamsini na Mwenyekiti mwenye daftari. Feni likasikika likizunguka.

"Hapa hakuna mama," alisema Mama Kaimu. Akamgeukia mpiga zumari wa pili, mzee mmoja mpole aliyekuwa na tabia ya kujibu sawa kwa kila anachoambiwa, hata aambiwe paa linaanguka, na kwa hiyo aliitwa Bwana Sawa. "Hebu nipe wewe."

"Sawa, Mama."

Bwana Sawa akaichomoa tete yake, akaiangalia kwenye mwanga, akaipuliza vumbi ambalo halikuwepo, akairudisha pale pale ilipokuwa, akakunja uso kama mtu anayepima dawa ya mtoto. Kisha akapuliza. Ilikuwa ile ile. Kila aliyekuwa mle ndani, isipokuwa wawili, alijua kuwa ni ile ile.

"Hapo sasa!" alisema Mama Kaimu. "Mmesikia? Hiyo ndiyo la."

Watu wakaangalia viatu vyao. Tuseme nini? Wangeweza kumwambia. Walikuwa wameshaanza kuliona jambo hilo kwa miezi, wakinong'ona kwenye foleni ya chai, kila mmoja akimsukumia mwenzake. Lakini walikuwa wanampenda, hilo ndilo baya. Walitaka athibitishwe. Walisema tumvushe kwanza, tamasha lipite, apate barua yake, halafu tutaona. Kwa hiyo wakajitia hamnazo, wote hamsini, na mtu mmoja tu aliyesema kweli ndiye aliyesimamishwa.

"Kwa tamasha hili kiti cha kwanza ni cha Bwana Sawa," alisema Mama Kaimu. "Wewe nenda kapumzishe masikio."

Kitinda akaifungua zumari vipande vitatu, akakifuta kimoja kimoja kwa kitambaa, akafunga sanduku, akapita katikati ya viti mpaka mlangoni. Mama yake hakumtazama. Alimtazama Mwenyekiti, ambaye alikuwa ameinamia daftari anaandika. Moyo ulimuuma, usidhani haukumuuma, lakini chini ya maumivu palikuwa na kitu kingine kinachojisifu, kinasema waone sasa, waseme tena kuna upendeleo. Akainua kijiti na mazoezi yakaanza.

Nyumbani jioni hiyo alikwenda moja kwa moja kwenye piano iliyokuwa sebuleni, kati ya kabati la vyombo na dirisha. Mumewe alikuwa fundi wa piano, ndiye aliyekuwa akizitengeneza zote za mji ule, za shule, za kanisa, za hoteli, na ile ya ukumbi mkubwa. Mama Kaimu akabonyeza la, akaiimba. Sauti na piano vikakaa pamoja, hapakupenya hata unywele.

"Unaona, Fundi? Mimi na hii piano lugha moja. Mwambie mwanao."

Fundi alikuwa anafuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Naona," alisema.

"Amenijibu mbele ya Mwenyekiti. Ananiletea kidude."

"Ni mtoto. Yataisha." Akaweka kitambaa chini, akasema anakwenda kuangalia tangi la maji, na alikaa huko muda mrefu kwa mtu anayeangalia tangi.

Kitinda alikuwa amepanga chumba chake upande mwingine wa mji, na wiki hiyo hakuja nyumbani akiwepo mama yake. Alimpigia baba simu tu, akamwambia kuna okestra kubwa katika mji mwingine inatafuta mpiga zumari, usaili ni Jumamosi, atakwenda. Fundi alipolileta neno hilo mezani, Mama Kaimu alisema vizuri, akaambiwe na wengine kuwa yuko juu, labda atawasikia. Wiki nzima mama alikuwa na kwaya jioni, na Fundi alikuwa ukumbini anaiandaa ile piano kubwa. Nyumba ilishinda imefungwa.

Tamasha lilikuwa Jumamosi saa kumi na moja jioni. Wimbo mkubwa wa siku hiyo ulikuwa na mwanzo wake wa namna ya peke yake: Mama Kaimu anaanza kuimba mwenyewe, bila chombo chochote, mstari mrefu, kisha kwaya inampokea, nayo bila chombo, kwa dakika nne nzima, halafu okestra yote inaingia kwa kishindo. Kwenye mazoezi ya kwaya sauti ya kuanzia ilitoka kwenye piano ya shule walimofanyia mazoezi. Yeye mwenyewe mstari wake hakuuimba, maana tangu ujana alikuwa na mwiko huo, wimbo wa kufungulia hautoki kooni mpaka siku yenyewe. "Nauwekea akiba," alikuwa akisema. "Nyie anzeni ukurasa wa pili."

Ukumbi ulijaa. Mwenyekiti alikaa mstari wa mbele na wajumbe wake, Fundi mstari wa pili, pembeni. Bwana Sawa akatoa la, wapigaji wakakaza nyuzi, pakanyamaza. Mama Kaimu akaingia na gauni lake jeusi la mikono mipana, akawageukia watu, akafumba macho, akavuta pumzi.

Aliimba vizuri. Lazima lisemwe, kwa sababu hakuna aliyelisema baadaye. Aliimba vizuri kuliko alivyokuwa ameimba kwa miaka mingi, sauti imeiva, haina haraka, mpaka mama mmoja mstari wa mbele akatoa kitambaa. Kwaya ikampokea pale alipoiacha. Wale wa besi walijikuta wanachimba chini kuliko walivyozoea, wakaangaliana kwa pembe za macho, lakini wangefanya nini, mtu hamwachi kiongozi wake njiani. Dakika nne. Mama Kaimu akageukia okestra, akainua mikono yote miwili, akaishusha.

Loo! Ungekuwepo ungesema ukumbi umeangukiwa. Fidla na tarumbeta na ngoma viliingia pale pale panapotakiwa, na kwaya ilikuwa pale pale ilipoachwa, na kati yao palikuwa na nusu toni, ule umbali mdogo wa funguo mbili zinazogusana kwenye piano, na hakuna umbali mbaya kama huo. Wakaimba hivyo mistari miwili, mitatu, kila upande ukivuta kwake. Mtu akacheka huko nyuma kwa woga.

Mama Kaimu akakata kwa mkono. Pakawa kimya.

Angeweza kuanza tena. Waongozaji wengine wangeomba radhi na kuanza tena. Lakini yeye, akiwa na kipimo chake ndani, alijua nani amekosea. Akawageukia watu akitabasamu, akasema, "Samahani wapendwa. Wenzangu wamepanda kidogo. Bwana, tupe la."

Bwana Sawa akapuliza. La yake ilitoka imenyooka. Na Mama Kaimu, ili watu wasikie tofauti, akaiimba ya kwake juu ya ile.

Basi wakasikia. Hata asiyejua muziki alisikia, hata Mwenyekiti, hata mlinzi aliyekuwa mlangoni: sauti mbili zinagombana, moja juu, moja chini yake kidogo, na hakuna inayomwachia mwenzake.

"Shusha," alisema Mama Kaimu kwa sauti ndogo.

Bwana Sawa akaiweka zumari mapajani. Machozi yalikuwa yanamtoka. "Mama," alisema, "hii ndiyo la. Siku zote ilikuwa hii."

Mama Kaimu alitoka kwenye kijukwaa, akatembea mpaka kwenye piano kubwa iliyokuwa pembeni mwa jukwaa, akabonyeza ufunguo kwa kidole kimoja. Piano ikasema kama zumari. Akabonyeza tena. Ile piano ilikuwa imetengenezwa asubuhi hiyo hiyo na mumewe, na mumewe hakuwahi kukosea piano katika maisha yake. Akainua macho kumtafuta mstari wa pili, ili amsaidie, ili aseme neno. Fundi alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili.

Hapo ndipo alipojua. Aliweka kijiti juu ya piano na kuondoka jukwaani, na Mwenyekiti akasimama haraka kutangaza kuwa kumetokea hitilafu ya vyombo.

Fundi alimkuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo, ameketi mbele ya kioo, hajavua hata kiatu.

"Ile ya nyumbani," alisema bila kugeuka. "Umeifanya nini?"

"Nimeishusha."

"Lini?"

"Miaka mitatu sasa. Kidogo kidogo." Alibaki amesimama, mfuko wake wa vifaa begani. "Ulianza kuniambia piano imepanda. Nikaipima, haijapanda. Nikakusikia jikoni unaimba, nikajua ni wewe unayeshuka. Nilishawahi kulisikia jambo hili kwa mzee aliyenifundisha kazi, kwamba watu wenye sikio kama lako, likizeeka, linahama nao. Kila kitu wanakisikia kimepanda. Basi kila ulipolalamika nikaishusha kidogo. Nilikuwa nakufuata."

"Ungeniambia."

"Kila siku nilisema kesho. Nilijua ukijua utaacha kuimba, na mimi sikutaka kukaa kwenye nyumba ambayo wewe huimbi. Nisamehe, mke wangu. Niliogopa tu."

Hakumpigia kelele. Ingekuwa afadhali ampigie. Alisema, "Kesho irudishe," akainama kuvua viatu.

Jumapili kutwa Fundi alikuwa ndani ya piano. Uzi mmoja mmoja, akikaza, akigonga, akisikiliza, akikaza. Nyuzi mbili zilikatika kwa kuzoea ulegevu, akatia nyingine. Mama Kaimu alikaa kwenye kochi, mikono mapajani, akasikiliza yote. Kila noti aliyoijua ilikuwa inaondoka mbele ya masikio yake na kuwa noti nyingine, mpaka saa kumi, ambapo piano yote ilikuwa sawa na kwake yote ilikuwa imeharibika. Alijaribu kuimba mstari mmoja nayo, akajilazimisha kuifuata, akashindwa, akajaribu tena. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na mumewe akakaa sakafuni kwenye vumbi la nyundo za piano asijue amguse wapi. Sikio lile ndilo lililomlea na kumpa kazi, na sasa hakuweza kuliamini hata limwambie mvua inanyesha.

Jumatatu akaitwa kwenye bodi. Alivaa vizuri, akapiga moyo konde, akajua anakwenda kumwaga unga.

Mwenyekiti alimpa kiti, akampa chai, akafungua faili. "Mama, pole sana kwa yaliyokupata. Bodi imekaa jana. Tumepokea barua ya yule mzee wa zumari, amekubali kuwa yeye ndiye aliyekosea. Ameandika mwenyewe." Akasukuma karatasi, na kweli mwandiko ulikuwa wa Bwana Sawa, na neno la mwisho lilikuwa sawa. "Na mimi nilishuhudia kwa macho yangu ulivyomtoa binti yako mwenyewe kwenye kiti. Msimamo wa namna hiyo hatuuoni siku hizi. Kwa hiyo." Akampa bahasha.

Barua ilikuwa na mistari kumi na miwili. Mwongozaji Mkuu wa Okestra. Aliisoma mara mbili akitafuta lile neno, halikuwepo. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba, akashukuru, akasimama, akafika mlangoni. Mkono ulikuwa tayari kwenye kitasa. Loo, aliitaka barua ile! Na pale mlangoni alijiona akiishi nayo mwaka na nusu uliobaki, watu hamsini wakiangalia viatu vyao kila asubuhi na Bwana Sawa akivuta tete na kuirudisha.

Akarudi, akaiweka bahasha mezani.

"Nilikosea mimi," alisema. "Zumari ilikuwa sawa. Binti yangu alikuwa sawa. Masikio yangu yameharibika, na hayaponi."

Mwenyekiti akafunga faili. "Lakini, Mama," alisema kwa huruma kabisa, "kwani nani amejua?"

"Wote wamejua. Ila mimi na wewe."

Mwenyekiti akaivuta bahasha upande wake, taratibu. Akasema basi nafasi itabidi itangazwe, na hilo linachukua muda, miezi mitatu hivi. Akakohoa. "Sijui kama katika kipindi hicho ungeweza kuendelea kukaimu?"

Mama Kaimu akacheka. Kicheko kilimtoka kibaya, katibu aliyekuwa chumba cha pili akachungulia. Akasema hapana, akaenda zake.

Njiani kurudi alikuwa na kitu kimoja tu cha kushika. Kitinda alikuwa amepanda basi la usiku wa jana kurudi. Fundi alikwenda kumpokea stendi asubuhi amlete nyumbani. Mtoto alikuwa sahihi, peke yake kati ya watu wote. Atamwambia hivyo, atamwambia mbele ya okestra nzima akitaka, apige magoti ghalani. Kiti kipo, Bwana Sawa atakiachia kabla hajaambiwa. Na kama wale wa mji mwingine wamemchukua, basi vizuri zaidi. Yeye amekwisha, lakini kuna sikio moja zima limetoka katika nyumba yake. Alitembea haraka, karibu kukimbia, mwanamke wa miaka hamsini na minane na viatu vya mkutano.

Kitinda alikuwa ameketi kwenye meza ya chakula. Sanduku la zumari lilikuwa sakafuni, limefungwa. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni.

"Mwanangu," alisema mama kabla hajaweka mkoba chini, "ulikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyeharibika. Nilikudhalilisha mbele ya watu na ulikuwa sahihi. Nisamehe."

"Baba ameniambia," alisema Kitinda. Hakuwa na hasira, ndilo lililomtisha mama yake. "Nimekusamehe, Mama. Pole kwa masikio."

"Kiti chako kipo. Nimewaambia bodi kila kitu. Na huko kwenye usaili? Walisemaje?"

Binti akakwangua kitambaa cha meza kwa ukucha.

"Alhamisi nilikuja hapa," alisema. "Nina ufunguo wangu. Hamkuwepo. Tangu Jumatatu nilikuwa silali, nasema haiwezekani Mama akosee, hajawahi kukosea tangu nimezaliwa, na haiwezekani kidude kikosee. Nikasema nitakwenda kupima kwa piano ya Baba. Piano ya Baba haidanganyi."

Kwenye mlango wa jikoni, Fundi akashika mwimo.

"Nikapima," alisema Kitinda. "Ikakubaliana na wewe. Nikapima noti zote, Mama. Basi nikakizima kile kidude. Nikajua ni mimi, masikio yangu ndiyo mabovu. Nikakaa siku nzima nachonga tete mpya, ndefu, na ndefu zaidi, mpaka zumari ikakaribia ulipotaka. Nikasafiri nayo."

"Kitinda," alisema mama yake.

"Walikuwa watu wema. Wakaniomba la, nikawapa. Wakaangaliana. Mzee mmoja akaniambia, binti, usiogope, sikiliza piano yetu halafu ujaribu tena. Wakanipa nafasi mara tatu."

"Ukafanyaje?"

"Nikawaambia piano yao iko juu."